Namba 115, Kando ya Mama

Skelby,
12 Oktoba 2008

Dada Maureen,

Barua yako ya Agosti imefika imelowa upande mmoja, nikajua imepita mikononi mwa yule tarishi wetu wa posta ambaye hajawahi kufunga begi lake. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa. Sisi wazima. Jean anakusalimu, goti lake bado ndiyo mada kuu ya nyumba hii. Mimi nimeongezeka tena. Suti niliyovaa kwenye harusi ya binti yetu Alison sasa naweza kuivaa nikiwa nimesimama tu, tena bila kupumua.

Baba hajambo. Kule kwenye nyumba ya wazee wamempa kiti cha dirishani, na kutwa anawaonyesha wauguzi mlima na kuwatajia nani amelala wapi, safu kwa safu. Jumapili ya kwanza ya mwezi namsukuma kwenye kigari chake mpaka kwa Mama. Tukifika, anaangalia zile nyasi za pembeni, namba 115, anauliza, "Penseli bado ipo?" Nasema, "Ipo, Baba." Anaitikia kwa kichwa, tunarudi kula pai.

Sasa habari kubwa, ambayo najua haijafika kwenye magazeti yenu ya kondoo. Tunafutwa. Serikali imeamua halmashauri ya kaunti na halmashauri zote sita za wilaya ziunganishwe ziwe moja, makao yake Wenbridge. Askerdale yetu, pamoja na rungu lake la fedha na mwenyekiti wake mwenye mkufu, mwisho wake tarehe 31 Machi. Halmashauri mpya inaanza tarehe mosi Aprili, Siku ya Wajinga. Hakuna aliyepanga hivyo kwa utani. Nimeuliza.

Unakumbuka tulivyozoea: mapipa ya taka ni ya wilaya, barabara ya kaunti; choo cha sokoni cha wilaya, maktaba ya kaunti; na mti ukianguka tunabishana wiki nzima umeangukia kwa nani. Makaburi ni ya wilaya, kwa hiyo ni yangu. Sasa natakiwa kuiomba upya kazi niliyoifanya miaka ishirini na moja, ukihesabu na ile ya usaidizi. Kuna usaili. Watauliza kwa nini nadhani ninafaa. Niwaambie nini, kwamba miaka yote hiyo sijampoteza hata mmoja?

Wiki iliyopita kaunti walimleta mama mmoja, Bi Philippa Crewdson, na mashine ya kupigia picha kurasa, kubwa kama friji. Vitabu vyote vya makaburi tangu 1889 vinaingizwa kwenye kompyuta. Ni mtu mstaarabu. Akaniuliza mbele ya mkurugenzi, "Bwana Airey, kuna jambo lolote lisilo la kawaida kwenye vitabu vyenu ambalo tungepaswa kulijua?" Nikasema, "Hakuna, mama. Vitabu vyetu ni safi." Mkurugenzi akatabasamu. Nikajiona mtu wa halmashauri mpya tayari.

Msalimie shemeji Colin, na mgongo wake.

Mdogo wako,
Des


Shamba la Long Gully, Otago,
4 Novemba 2008

Des, mdogo wangu,

Huku ni wazima wote isipokuwa kondoo, ambao wana tabia ya kutafuta kifo kila ukiwapa kisogo. Wiki hii tunakata mikia ya wana-kondoo. Colin anakagua akiwa amekaa kwenye ndoo, kwa sababu ya mgongo, na anawatukana mbwa kwa niaba yetu sote. Hiyo suti mpe Alison ashone mapazia.

Nami nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikwama kwenye neno "safi".

Des, na penseli je?

Nilikuwepo. Machi 1991, Jumatano baada ya kumzika Mama. Baba alinunua mayai sita dukani kwa Hodgson, akayahamishia kwenye kikapu cha Mama ili yaonekane ya kuku wetu, na sisi hatujawahi kufuga kuku. Tukaenda ofisini kwa mzee Tunstall, mtunzaji wa makaburi, enzi hizo wewe ukiwa bado msaidizi wake wa kuchemsha chai. Tunstall alipokea mayai, akavuta kitabu, akatoa penseli sikioni, akaandika "W. Airey" kwenye 115. Baba akauliza, "Hiyo ndiyo basi?" Tunstall akasema, "Hiyo ndiyo basi, Wilf." Baba alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Sasa nauliza kama mtu asiyejua chochote zaidi ya kondoo: umewaambia watu wa kaunti? Ile mashine inaiona penseli? Huku ukimtia kondoo alama ya chaki badala ya rangi, mvua ikinyesha mara moja tu ni wa jirani.

Jibu hilo kwanza, ndipo unisimulie goti la Jean.

Mo


Skelby,
21 Desemba 2008

Dada,

Goti la Jean limevimba. Samahani, nilishindwa kujizuia.

Krismasi njema kwenu huko upande wa pili wa dunia, kwenye joto lenu lisilo na adabu. Huku barafu imeshika mpaka kwenye ngazi za ukumbi wa mji, na tumebishana mara ya mwisho kama ngazi ni za wilaya au ni sehemu ya barabara ya kaunti. Diwani Stan Metcalfe, mwenyekiti wetu wa mwisho, hauvui tena ule mkufu. Anakwenda nao sokoni. Juzi alinunua viazi akiwa nao shingoni, na muuza viazi akamwinamia.

Baba alipata mafua, yamepita. Anakuuliza utakuja lini. Namwambia baada ya kondoo.

Haya, penseli. Unajua haimo kwenye kanuni yoyote. Ni mlima ndio ulioileta. Ukichimba futi nne na nusu umegonga mwamba, kwa hiyo huku kwetu mume hawezi kulazwa juu ya mke kama wanavyofanya kwingine. Ni ubavu kwa ubavu, na kila mfiwa anataka ahakikishiwe kwamba ubavu wake utabaki wazi. Basi analeta mayai sita, mtunzaji anaandika kwa penseli, na siku yake ikifika tunapitisha wino juu. Hakuna fomu, hakuna risiti. Ilikuwa hivyo kabla ya vita na hakuna hata mmoja aliyewahi kudhulumiwa.

Nimehesabu, Mo. Kuna majina mia tatu na kumi na mawili ya penseli. Nikimwendea Crewdson na hilo kabla ya usaili, ataniuliza mayai yamekwenda wapi. Yamekwenda kwenye keki za Jean. Ndiyo maana nina umbo hili.

Nitamwambia baada ya usaili. Ni tarehe 19 Januari. Nimeshaandika kwenye kalenda, tena kwa wino.

Des


Long Gully,
25 Februari 2009

Des,

Usaili ulikuwa mwezi uliopita na sijapata barua. Nimejua umepata kazi; ungeikosa ungeniandikia kurasa nane.

Hongera basi. Umewaambia?

Nilitaka kupiga simu, lakini kwenye simu unaniimbia maneno matamu. Kwenye karatasi nakuona.

Colin anapimwa mgongo huko Dunedin. Mvua hakuna.

Mo


Skelby,
13 Aprili 2009

Dada mpenzi,

Leo ni Jumatatu ya Pasaka na niko nyumbani, kwa hiyo sina kisingizio. Pole kwa ukimya. Natumai madaktari wamempata huyo mdudu wa mgongo wa Colin wakamfukuza. Sisi hatujambo. Baba amekula yai zima la chokoleti na kumlaumu mzee wa chumba cha pili.

Umekisia sawasawa. Mimi sasa ni Ofisa wa Huduma za Mwisho, cheo ambacho Jean hawezi kukitamka bila kutoka chumbani. Ofisi iko Wenbridge, maili arobaini na sita, ghorofa ya tatu, na dirisha langu linatazama dirisha lingine.

Tarehe 31 tulifanya kikao cha mwisho. Stan alivua mkufu, ukawekwa kwenye boksi la kadibodi lililoandikwa "Askerdale, vitu mbalimbali", pamoja na birika. Asubuhi yake walikuja mafundi wawili kutoka Wenbridge kung'oa kibao cha halmashauri mlangoni, na hawakuja na spana. Tukawaazima yetu. Norman Tyson, aliyechimba kila kaburi la Skelby tangu mwaka 1979, alipewa saa ya ukutani akaambiwa asante. Akaniambia, "Des, sasa watachimba kwa simu." Siku hizi wanakuja vijana wa kampuni na mashine, hawajui mtu.

Kazi yangu ni kioo cha kompyuta. Safu C haipo tena, wala K. Kila kaburi ni tarakimu tisa. Mtu wa mazishi anapiga simu, mashine inapendekeza nafasi iliyo wazi, mimi nabonyeza kitufe cha kijani. Siku ya kwanza nilikitafuta kwa dakika ishirini.

Na kuhusu lile jambo: nimekwenda kwa Crewdson mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anakula saladi, na si vizuri kumwingilia mtu na saladi. Mara ya pili nilipewa miadi, tarehe 20 Mei. Usiwe na wasiwasi. Skelby hawafi mwezi wa nne.

Des


Long Gully,
28 Juni 2009

Mdogo wangu,

Nimekuandikia Mei mosi na Mei 24, na sanduku langu la barua lina buibui tu.

Theluji imefika uani. Colin yuko nyumbani, kitanda chake tumekileta sebuleni karibu na moto, na anaendesha shamba zima kwa kupiga kelele.

Beryl Hodgson wa dukani ameniandikia. Kurasa sita: mbili za mumewe, tatu za bei ya nyama, na moja ya makaburini. Sitakuharibia simulizi. Nakuachia wewe unisimulie.

Nangoja, Des.

Mo


Skelby,
26 Julai 2009

Dada Maureen,

Jean mzima, Alison mzima, goti zima. Salamu zote zimekwisha hapo, nisije nikajificha nyuma yake.

Jumapili ya kwanza ya Mei nilimsukuma Baba kama kawaida. Jua lilikuwa zuri. Tulipopinda kona ya safu C niliona udongo mpya. Nikafikiri labda ni fuko aliyechimba. Fuko gani anayeweka maua yaliyofungwa kwa nailoni?

Ilikuwa 115. Udongo ulikuwa bado umeinuka, umegusa kabisa nyasi za Mama.

Baba akautazama, akasema, "Des. Mmeshanizika?"

Nikafunga breki ya kigari.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikacheka, Mo, Mungu anisamehe. Naye akacheka, mpaka akakohoa. Halafu akasema kwa sauti ile ya zamani, ya wakati tukivunja kitu, "Nani yule aliyelala na mke wangu?"

Ni Gerald Pargeter. Daktari wa meno mstaafu kutoka kusini, alihamia Skelby na mkewe miezi kumi na minne tu iliyopita. Watu wanasema alikuwa mtu mwema. Alipenda kuutazama mlima. Kompyuta ikampa.

Sikungoja tarehe 20. Jumatatu nilimwingilia Crewdson bila kubisha. Akafungua picha ya ukurasa kwenye kioo: "Bwana Airey, pale hapana kitu." Kweli hapakuwa na kitu. Mashine ile inaona wino tu. Penseli kwake ni karatasi nyeupe. Nikamwomba twende ghala la nyaraka. Tukashuka, tukafungua boksi, tukafungua kitabu. "W. Airey", kwa mwandiko wa Tunstall, mweusi kabisa ungedhani kaandika jana.

Akainama karibu. "Naona," akasema. "Lakini hii ni penseli."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuuliza kama kuna lisilo la kawaida."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema hakuna."

"Nilisema ni safi."

Akavua miwani. "Pole sana, Bwana Airey." Alimaanisha, Mo. Heri angenifokea. Yale majina mia tatu na kumi na mawili hayana nguvu yoyote, na kuanzia sasa hakuna kumwekea nafasi mtu aliye hai. Inatolewa mtu akifa, basi. Na kumhamisha aliyekwisha lazwa kunataka kibali cha serikali na ridhaa ya mjane. Ningemwambiaje, mtoe mumeo, palikuwa pa mayai yetu?

Baba amesahau. Mwezi wa sita nilimwambia njia imefungwa. Mwezi wa saba nilimwambia kigari kina pancha. Ananiuliza dirishani, "Penseli bado ipo?"

Nasema ipo.

Des


Long Gully,
23 Agosti 2009

Des,

Asante kwa kusema. Beryl alinieleza yote isipokuwa maneno ya Baba. Nimecheka mpaka mbwa wakatoka nje, halafu sikuendelea kucheka.

Sikiliza. 116 iko wazi? Beryl anasema ni nyasi. Basi itakuwa hivi: Mama, daktari wa meno, Baba. Si pazuri, lakini ni safu ile ile, na Baba atapata wa kumlalamikia kuhusu yale meno yake ya bandia. Ukikaa kwenye hicho kioo chako ukaiangalia, siku ikifika ni kubonyeza tu. Mara moja hii kaa macho.

Mimi siwezi kuja. Si kondoo. Usiniulize.

Mo


Skelby,
6 Desemba 2009

Dada yangu,

Nilipokupigia simu ile Novemba 17 nilikuambia mambo mawili: kwamba Baba amekwenda taratibu, na kwamba atalazwa mlimani. La kwanza ni kweli kabisa. Alikunywa chai, akasema ina maji mengi, akalala. La pili ni kweli ukiwa mtu wa kuridhika na mlima wowote. Ulikuwa kimya sana upande wako wa simu, nikafikiri umenishtukia, nikaaga haraka.

Baba yuko K 61. Chini kabisa, kwenye ukuta wa barabara, mahali malori ya mawe yanapobadilisha gia. Kwa Mama ni dakika kumi kupanda, na Baba hakuweza kupanda tangu 2004.

Nitakueleza kwa nini, na safari hii siachi kitu.

Barua yako ya Agosti ilinipa nguvu. Kila asubuhi nilifungua 116 kwanza kabla ya kuvua koti. Bado kijani, yaani wazi. Nilifikiria hata kuifunga kwa kuandika kwamba pana mwamba, lakini wanataka picha ya mwamba. Basi nikawa nangoja, na siku moja nikajishika nikimtazama Baba anavyokunywa supu na kuwaza kwamba kama angefanya haraka kidogo tungewahi. Hapo ndipo mwanawe nilipofika.

Oktoba, Jumapili, nilikwenda kwa Mama peke yangu. Palikuwa na mama mmoja amesimama kwa Pargeter, koti la mvua la kijani, na kiboksi mkononi. Ndiye mjane wake, Rosalind.

"Wewe ndiye Bwana Airey wa makaburi?"

"Nilikuwa, mama."

"Bi Hodgson wa dukani ameniambia ni wewe wa kuonwa." Akanyoosha kile kiboksi. "Sijui kama nafanya sawasawa. Wamesema sita. Ni ya kuku wangu."

Mo, mkono wangu ulinitangulia. Miaka ishirini na moja, mtu mwenye macho yale akileta sita, mkono unatoka wenyewe. Nikayapokea. Yalikuwa bado yana joto.

"Ni huu upande wa pili," akasema. "Namba 116. Sina haraka." Akacheka kidogo. "Gerald alikuwa hapati usingizi akilala peke yake."

Nilipaswa kusema hakuna tena mambo hayo. Nilipaswa kusema pale alipolala mumeo ni pa baba yangu. Badala yake nilisema, "Nimeshaandika, mama." Sina kitabu. Sina hata penseli, kule Wenbridge hatupewi.

Akauliza, "Basi, imekwisha?"

Nikasema imekwisha. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kwa hiyo Baba alipofariki, 116 ilikuwa kijani mbele yangu. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Ningeweza, Mo. Bi Pargeter asingenishtaki popote, mayai hayana nguvu ya kisheria, hilo nimelijua kuliko mtu yeyote. Lakini Baba mwenyewe alipeleka sita, na alipewa neno, na nimeona alivyofanyiwa. Nikabonyeza iliyofuata kwenye kioo, K 61.

Norman Tyson alikuja kwenye mazishi na koleo lake mwenyewe, akawaondoa wale vijana wa kampuni, akamalizia kwa mkono. Stan Metcalfe alikuja bila mkufu. Sikumtambua mpaka alipokohoa.

Sasa mwisho wake. Jumatano iliyopita, tarehe 2, nilikuwa kwa daktari na Jean. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana mzuri wa Wenbridge, alipokea simu, mashine ikapendekeza, akabonyeza. 116 imechukuliwa na dereva mstaafu wa basi ambaye hata mlima hakuutaka. Familia ilitaka popote penye maegesho. Bi Pargeter hajui bado. Jumapili hii nilimwona kwa mbali, nikapita njia ya nyuma.

Yaani Baba nimemtupa barabarani kwa ajili ya neno ambalo halikudumu wiki tatu baada ya kumzika.

Na bado moja. Nilikuandikia Julai kwamba kompyuta ilimpa Pargeter ile 115. Kompyuta haimpi mtu. Ombi lilikuja Aprili 22, kwenye meza yangu. Tarakimu tisa. Nilikuwa na sandwichi mkono huu, na kwa mkono huu nikabonyeza. Sikuangalia ni wapi, kwa sababu tarakimu tisa si mahali. Nilikutambia sijampoteza hata mmoja. Wa kwanza kumpoteza ni Baba, tena akiwa hai.

Usiponijibu nitaelewa.

Des


Long Gully,
3 Januari 2010

Des, mdogo wangu,

Nakujibu.

Nilijua ni wewe. Beryl alipata kwa yule wa mazishi, na wa mazishi alikuwa ameisikia sauti yako kwenye simu, mdomo umejaa. Nimelijua tangu Juni. Nilitaka uliseme mwenyewe, na sasa umelisema sioni kama limetufaa chochote mimi au wewe.

Nami ninalo langu. Colin alifariki tarehe 3 Oktoba. Haukuwa mgongo, ilikuwa saratani, na tulijua tangu Februari. Siku uliyonipigia kuhusu Baba nilikuwa na wiki sita za ujane na sikuona niseme lipi kwanza, nikanyamaza. Mwanzoni nilikuwa sitaki wauguzi wamwambie Baba. Halafu nikawa sitaki tu.

Alitaka achomwe, majivu yapelekwe kilimani juu kwa kondoo. Siku yenyewe kulikuwa na upepo. Hakutua mahali, Des. Alipeperuka kabisa kuelekea kwa jirani. Kwa hiyo huku mimi sina ubavu wa mtu.

Yale mayai ya Bi Pargeter uliyala?

Na K 62 kuna nani?

Mo


Skelby,
24 Januari 2010

Dada Mo,

Jean amelia kwa ajili ya Colin, nami nimekaa kwenye gari nje ya posta nusu saa nzima nikiwa na barua yako mapajani. Zile salamu zote za mgongo nilizokuwa nakutumia, nisamehe.

Mayai sikuyala. Niliyarudisha jana. Bi Pargeter alifungua mlango, akaona kiboksi, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akasema, "Lakini uliandika." Nikasema sikuandika popote. Akauliza, "Kwa nini ulisema umeandika?" Nimetafuta jibu njia nzima ya kurudi. Yalikuwa yameshaharibika, unajua, ni ya Oktoba. Aliyapokea hivyo hivyo.

K 62 hakuna mtu. Ni nyasi na kikopo kimoja cha bia, ambacho nimekiondoa.

Utaona barua hii nimeiandika kwa penseli. Nimeinunua dukani kwa Beryl, aliuliza ya nini, nikasema hesabu. Sina kitabu, kwa hiyo itabidi karatasi hii iwe ndiyo kitabu, na ukae nayo wewe:

K 62. M. Airey.

Haina nguvu yoyote. Kesho saa tatu asubuhi yule kijana wa meza ya pili anaweza kupokea simu, na nitakapogeuka itakuwa imekwenda. Hata Baba mwenyewe pale chini hawezi kukushikia. Usiitegemee, usije ukakata tiketi kwa sababu yake, na mayai usitume.

Najua utauliza kama Baba alivyomuuliza Tunstall. Hiyo ndiyo basi, Mo.

Des